Jibu la Jumapili

Mama anashona nguo za harusi hapa mtaani kwetu Noonkopir, shanga zote kwa mkono, na wateja wake wengi walikuwa watu wa mbali waliompata kwa kutafuta mtandaoni. Tovuti niliitengeneza mimi. Kwa hiyo simu yake ilipoanza kunyamaza, harusi za Desemba zikiwa karibu, sikuwa na raha hata kidogo. Nilitafuta duka letu mtandaoni asubuhi, nikatafuta nikisubiri chai ichemke, nikatafuta hata nikiwa chooni. Kurasa zetu zilikuwa zinapotea moja moja kwenye matokeo.

Nililaumu mnara wa simu. Nikalaumu kampuni inayotukodisha seva, kompyuta inayobeba tovuti yetu, nikawapigia na kuwafokea bila aibu. Mama naye aliweka simu kando ya cherehani, akawa anaigeuza kuona kama ina chaji, kisha anairudisha. Iliniuma sana.

Mwishowe nilikaa nikasoma kumbukumbu za seva, orodha ya kila aliyepita na alivyojibiwa, mstari kwa mstari. Roboti ya injini ya utafutaji, ile inayopita kuangalia kurasa zipi zipo, ilikuwa inatutembelea zaidi Jumapili. Na kila Jumapili seva yetu iliijibu 404, yaani ukurasa huu haupo. Jibu hilo nililiweka mimi. Mama alikuwa amekataa katakata biashara siku ya ibada, hata ya mtandaoni, nami kwa ujuaji wangu nikaifunga tovuti kwa namba ya kwanza iliyonijia kichwani. Kumbe ilifaa 503, inayosema kwa sasa haiwezekani, pita tena baadaye. Roboti iliambiwa hatupo Jumapili baada ya Jumapili, ikaamini, ikatufuta.

Nikamweleza Mama yote. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Niko na swali moja tu," akasema. "Mimi nilikwambia useme nini?"

"Tumefunga."

"Na wewe ukasema?"

"Hatupo."

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Nilibadilisha namba siku hiyo hiyo, nikaomba kurasa zikaguliwe upya. Hadi leo zimerudi mbili, na bado situlii.

Jumapili iliyofuata nilimbebea mkoba kwenda kanisani kama kawaida. Akafunga mlango, akatundika kile kipande cha katoni anachotundika tangu nikiwa shule ya msingi. Nimekipita maisha yangu yote. Siku hiyo nilisimama nikakisoma: "Tuko kanisani. Rudi Jumatatu."