Nguo ya Magome na Shangazi Kutoka Tonga

Kisiwani Moce, huko Fiji, mgeni wa Kitonga akishuka ufukweni, watu hawaulizani. Huitwa Torika aje atafsiri.

Usichana wake aliupitisha Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, akipika nyumbani kwa mchungaji. Wiki ya kwanza tu, mchungaji alimaliza samaki wake, akafuta midomo, akasema, "Malo." Kwao Moce, malo ni kile kitambaa cha magome wanaume wanachojifunga kiunoni siku ya ngoma. Torika akashangaa, lakini agizo la mchungaji ni agizo. Akaenda kuazima kimoja kwa baharia wa kwao, akakiweka kando ya sahani. Mke wa mchungaji alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee alikuwa anasema asante tu.

Tangu siku hiyo Torika aliyaona maneno ya visiwa hivi kama ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali: sura moja, tabia mbali kabisa. Na aliporudi Moce akawa mkalimani, hakuacha kuyachezea. Kwao Moce tama ni baba; Tonga ni kijana wa kiume. Basi nahodha wa Kitonga alipomsifu baharia wake mdogo kuwa ni tama mwema, Torika hakutafsiri. Aliwaacha wazee wa kijiji wamkalishe yule mtoto penye mkeka wa heshima, akala kichwa cha samaki, fungu la wakubwa.

Ndipo binti yake, Litia, akachumbiwa na Mtonga, Lopeti. Torika alimpenda mkwe. Aliyemnyima usingizi ni shangazi wa mkwe.

Kwa Watonga, shangazi mkubwa wa bwana harusi ndiye fahu. Anakaa mbele, anahudumiwa wa kwanza, na mwisho wa sherehe anajichagulia nguo anayoitaka, hakuna wa kumkatalia. Sasa mama yake Torika, kabla hajafa, aliponda magome na kuchora masi, yaani nguo ya magome, moja pana, nyeusi na nyekundu ya udongo, michoro ambayo hakuna mkono mwingine Moce ulioiweza. Bibi harusi wa nyumba ile lazima akalie nguo ile. Kuifungia sandukuni ilikuwa aibu; kuiweka wazi, shangazi angeondoka nayo. Torika aliapa haitatoka kisiwani.

Siku ya harusi akaitandika chini kabisa, akaifunika kwa masi mpya zinazong'aa.

Kalolaine, shangazi mwenyewe, alikuwa mwanamke mpana, mpole, amejifunga kiunoni ule mkeka mkuukuu ambao Mtonga wa heshima hasimami mbele za watu bila ya huo. Kila alichopewa alisema, "Malo, malo," na watoto wa Moce wakashika mbavu kwa kicheko.

"Hii ya juu ndiyo johari yetu, shangazi," Torika alimwambia kwa Kitonga, akipapasa masi mpya.

"Na ile ya chini kabisa?"

"Aa, ile! Tuliwahi kumlaza maiti juu yake. Inanuka kidogo mvua ikinyesha."

"Masikini," alisema Kalolaine.

Sherehe ikaisha. Kalolaine akainuka, akazifunua masi mpya moja moja kama mtu atafutaye sindano, akaivuta ile ya chini. Akainusa.

"Mbona hainuki?" aliuliza. Na aliuliza kwa Kifiji, tena kile cha Moce, cha kuburuza maneno. Watoto waliacha kucheka ghafla. "Mama yangu ni Sereana, aliyezaliwa nyumba ile pale yenye rundo la mawe mlangoni. Mimi na baba yake Lopeti ni baba mmoja, mama mbalimbali. Mama Litia, mimi ni fahu wa bwana harusi. Na hapa kwenu mimi ni nani?"

Torika akaigeukia nyumba ile. Sereana! Dada wa baba yake, aliyeolewa Vava'u, kule Tonga, barua zikakatika. Basi huyu ni mtoto wa dada, vasu wa nyumba hii, na vasu huchukua chochote kwa wajomba zake, awe nguruwe, uwe mtumbwi. Fahu na vasu: ukisikiliza vizuri, ni neno moja lililotafunwa na midomo miwili. Miaka yote Torika amewacheka waliojikwaa kwenye maneno ya namna hiyo. Yeye alikesha akilinda mlango wa fahu, vasu akaingilia wa nyuma.

"Ulikuwa unatuelewa tangu asubuhi?"

"Hasa pale mliposema nina makalio ya kasa."

Kijiji kizima kiliangua kicheko. Torika naye akacheka, ila macho yake yalibaki kwenye ile nguo, ikikunjwa na mikono isiyo yake.

Kulipokucha, Watonga wakajiandaa kuondoka maji yakijaa. Wazee walikuwa wameshaketi ufukweni kuwaaga. Ndani ya nyumba Kalolaine alikuwa anapekua kila pembe.

"Mkeka wangu wa kiunoni uko wapi?"

Hakuna aliyejua. Nahodha akapiga honi. Kalolaine akachungulia mlangoni, akawaona wazee, akarudi ndani. Shangazi wa bwana harusi atoke mbele yao hivihivi kama mtu atokaye kuoga? Honi ya pili. Maji yakaanza kupwa, nahodha akang'oa nanga bila ya shangazi, Lopeti na mkewe wakipunga mikono kutoka melini na kuchekea viganjani.

Hapo ndipo Torika alipoteremka kilimani, mkeka umemkaa kiunoni vizuri kabisa.

"Mwizi wewe!" Kalolaine alipayuka.

"Mwizi? Wewe mtoto wa shangazi yangu, mimi mtoto wa mjomba wako. Sisi ni watani. Mtani huchukua, na mtani hanuni. Nguo umechukua, ni yako, siigusi. Mimi nimechukua mwenye nguo."

Kalolaine akaketi kizingitini, masi imemlalia magotini.

"Meli nyingine lini?"

"Mwezi ujao. Mungu akipenda, na injini ikipenda."

"Basi nipe nyundo ya kupondea magome, mwizi. Siwezi kukaa mwezi mzima nikikutazama sura."

Mwezi uliofuata, meli ya kutoka Suva ilipokuja, mkeka ulikuwa umening'inizwa mlangoni, wazi mbele ya macho. Kalolaine alipita chini yake mara tatu akiutafuta, eti hakuuona.

"Nani kauchukua tena?" alifoka, na kurudi kwenye gogo lake kuponda.