Kona kwenye Ua wa Ng'ombe

Anayetaka kuelewa kilichompata dada yangu inabidi kwanza aelewe ua wa ng'ombe wa kwetu Masisi, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie kidogo.

Malisho yetu yako juu ya vilima, na kila familia yenye ng'ombe huyazungushia ua wa miti na mianzi. Njia za watu hukatiza humo humo. Pale njia inapokutana na ua, wafugaji hulaza magogo matatu, moja juu ya jingine, mpaka usawa wa kiuno. Mtu anapanda, anarusha mguu, anashukia upande wa pili. Ng'ombe hawezi. Ni kitu rahisi na kizuri, na kwa miaka mingi sikuwahi kukifikiria, kwa sababu nina miguu.

Dada yangu mkubwa alipooza miguu akiwa mtoto, kabla mimi sijazaliwa. Alitembea kwa mikono, amevaa kandambili viganjani, na ngozi ya mikono yake ilikuwa ngumu kama kisigino. Alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake, ile ya kuzungusha kwa mkono, ilikaa katika chumba kimoja nyuma ya kanisa, upande wa pili wa malisho. Kati ya nyumba yetu na chumba kile palikuwa na ua mmoja tu. Kila asubuhi alifika kwenye magogo akasubiri mpita njia amwinue kama gunia la viazi. Siku nyingine alisubiri dakika chache. Siku nyingine jua la mchana lilimkuta hapo hapo.

Jumamosi moja, tulipomaliza salongo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, alikuja mkutanoni na karatasi yake ya kukatia nguo. Aliitandaza kwenye nyasi na kuikandamiza kwa mawe. Alikuwa amechora ua uliokatwa, ncha zake mbili zimepishana, na katikati njia yenye kona.

"Ba papa, ba mama, siombi mubomoe ua," alisema. "Munitengenezee kona tu. Muntu anaingia hapa, anageuka, anatokea hapa. Ngombe iko murefu, haiwezi kugeuka."

Mzee mmoja mfugaji, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, alicheka. "Na mutoto ya ngombe? Ile inageuka kuliko weye!"

"Papa, mutoto ya ngombe inafwataka mama yake. Weye ndjo unafwataka mutoto, kila siku tunakuona unakimbia."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Nadhani kama tungepiga kura wakati ule, angeipata kona yake. Lakini mimi nilisimama.

Nilikuwa mwandishi wa chama cha kipoyi. Kipoyi ni machela ya mianzi, na huku kwetu kila nyumba hutoa mwanaume mmoja wa kuibeba pale mgonjwa anapopelekwa hospitali. Hakuna anayekataa. Usipobeba wa mwenzako, wako hatabebwa. Tulijivunia chama hicho, nami nilijivunia zaidi, kwa kuwa daftari la zamu lilikuwa mkononi mwangu. Hivyo nilieleza, polepole na kwa upole, kama ninavyopenda kueleza mambo, kwamba kukata ua ni hatari kwa ng'ombe, na kwamba dada yetu hana sababu ya kutambaa kwenye matope wakati kijiji kizima kina mabega. Nikapendekeza abebwe kila siku, wanaume wawili kwa zamu.

Watu walipiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi.

Dada yangu alikunja karatasi yake. "Na siku hamuko?"

"Yaya," nilimjibu, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "ni siku gani hatutakuwa?"

Basi tukambeba. Tulifanya hivyo kwa moyo, sitaki mtu afikiri vinginevyo. Lakini wabebaji walikuwa wakulima, walikuja walipomaliza shughuli zao. Alifika kwenye cherehani saa nne, wakati mwingine saa sita. Wateja walichoka, wakapeleka vitambaa kwa fundi mwingine. Jioni aliketi mlangoni akiangalia njia. Kandambili zake tulimwambia aziache nyumbani, za kazi gani tena? Miezi ilipita, na siku moja aliponishika mkono nilishangaa kuona kiganja chake kimelainika. Nilifurahi. Nilidhani ni dalili kwamba tunamtunza vizuri.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu alilijua, hata mimi nilipokuwa nimesimama mkutanoni nikihubiri mabega ya kijiji. Katika miaka ile ya vita, wenye silaha walipoingia mahali walikamata wanaume wa kuwabebea mizigo, na wengi waliobebeshwa hawakurudi. Kwa hiyo risasi zikilia, wanaume ndio walitangulia kukimbia. Yaani wabebaji wote, kwa wakati mmoja.

Zililia asubuhi moja kama saa tatu. Nilikuwa shambani. Nilikimbilia upande wa Walikale, porini, pamoja na wenzangu wote wa daftarini. Mke wangu alifunga mtoto mgongoni na kumshika mwingine mkono. Dada yangu alimwambia asimngoje. Alijivuta mwenyewe mpaka kwenye ua, bila kandambili, maana hakukumbuka tena zilipo. Watu waliruka magogo mbele yake na magodoro kichwani, na mbuzi, na watoto. Hakuna aliyekuwa na mkono mtupu. Kisha njia ikawa kimya.

Alikuwa na mkasi wake kiunoni na utepe wa kupimia shingoni. Alichimba chini ya gogo la mwisho.

Niliporudi baada ya siku tisa niliona shimo lile. Lilikuwa kama la mnyama, lenye alama za vidole pembeni, na nusu ya mkasi ilikuwa imebaki kwenye jiwe. Nilikaa pale muda mrefu. Niliamini amekufa mahali fulani mbele ya shimo hilo.

Lakini alikuwa amefika barabarani, ndivyo waliorudi walivyonieleza. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, aliyekuwa akiokoa bidhaa zake kwa lori, alimpandisha juu ya magunia ya maharagwe na kumfikisha hospitali ya Kirotshe, kando ya ziwa. Nilimkuta huko kitandani. Viganja vilikuwa vimechanika na kuoza njiani. Madaktari waliokoa maisha yake, na mkono wa kushoto, na sehemu ya ule wa kulia. Kidole gumba na kinachokifuata vilikuwa vimekatwa. Fundi wa kushona atanielewa.

"Yaya, unisamehe," nilisema.

"Nikusamehe nini? Ulikimbia muzuri. Miguu ndjo kazi yake."

Alicheka kidogo. Mimi sikuweza.

Nilirudi kijijini. Chumba cha nyuma ya kanisa kilikuwa kimeungua, cherehani imebaki chuma cheusi. Jumamosi ya kwanza ya salongo niliwaeleza watu, kwa maneno machache safari hii, na yule mzee mfugaji akaleta nguzo zake mwenyewe. Ng'ombe wake wengi walikuwa wamechukuliwa; hakusema lolote kuhusu ndama. Kona ilituchukua asubuhi moja. Nakuomba msomaji, kama kwenu kuna ua kama wetu, nenda ukaangalie. Asubuhi moja tu. Wa kwanza kupita alikuwa mama mjamzito mwenye bidoni ya maji, na baada yake babu mwenye fimbo aliyekuwa hajaenda kanisani miaka miwili.

Nilishuka Kirotshe kumpa dada yangu habari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Upana gani?"

Nilitanua mikono kumwonyesha.

"Ulipima na nini?"

"Na mwili yangu."

Kisha akasema, bila hasira, "Mimi natembeaka viwiko inje. Na muntu anageuka chini anaomba nafasi kuliko muntu anasimama. Karatasi yangu ndjo ilikuonyesha. Iko wapi?"

Sikujua. Sikuwa hata nimeitafuta. Alivua utepe wa kupimia uliokuwa bado shingoni mwake, akashuka sakafuni kwenye baraza, akanipa ncha nishike. Akajipima kutoka kiwiko hadi kiwiko, akageuka taratibu, akapima tena. Mahali pa kipimo alifunga fundo kwa mkono wa kushoto na meno.

Nikarudi na utepe huo. Nguzo ilikuwa imeshika udongo sana, iling'oka kwa shida. Sasa kona ina upana wake. Barabara ya kumrudisha huku imefungwa tena kule chini Sake, na yeye bado yuko Kirotshe. Kila Jumamosi napita pale na utepe nakagua, kwa maana nguzo za mianzi husogea mvua ikinyesha.