Shuka Lililomfanya Dada Yangu Maiti

Wanaowajibika ni wawili: mgeni aliyeongoza filamu ile, na mkuu wangu wa kazi aliyeruhusu ionyeshwe Karatu bila neno la maelezo. Nilikuwa afisa utamaduni wa tarafa, niliyashuhudia yote.

Mgeni alifika mwanzoni mwa miaka ya themanini, akidai amechoshwa na filamu za simba wa kreta ya Ngorongoro. Alitaka mauzauza. Ngorongoro ikampa ukungu; sisi wa kijiji cha Buger tukampa dada yangu. Akamlaza kitandani katikati ya shamba la ngano, akamfunika shuka jeupe. Kamera ikasimamishwa, dada akaondoka kwenda kusonga ugali, kamera ikawashwa tena: shuka likavutwa, kitanda kitupu. Siku nyingine alimpiga picha akienda kupalilia kando ya makaburi. Mkanda akaugeuza, dada akaonekana akitoka makaburini kinyumenyume hadi mlangoni kwake.

Nilimtaka mkuu wangu ahakikishe ufundi huo unaelezwa kabla ya maonyesho. Mgeni akacheka.

“Bwana Utamaduni, ndoto haielezwi.”

“Na hawa watu wako,” mkuu akaongeza, “watabaki washamba mpaka lini?”

Ilionyeshwa darasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Dada alikaa benchi la mbele. Alipojiona akilala shambani, jirani akamtania: “Shemeji, mchana kweupe? Nani anapalilia?” Watu wakacheka. Shuka lilipovutwa, kicheko kikakatika. Alipotoka makaburini, wanawake wa benchi lake wakainuka mmoja mmoja.

Kwetu, nyumba iliyoguswa na kifo hujitenga. Watu wake hawashikani mikono na majirani wala hawachangii kisima, hadi itakaswe. Hakuna aliyemtukana dada; walimwekea mpaka tu. Nilipoomba utakaso, wazee waliniuliza kwa upole, “Utakaso wa nani, mwanetu? Aliyekufa ni nani?” Maiti haikuwepo, basi utakaso haukuwezekana, na bila utakaso, kutengwa hakuna kikomo. Nilieleza habari ya kamera hadi sauti ikanikauka. Wakasema namtetea ndugu yangu.

Maziwa yake hayakupata tena mnunuzi mnadani. Harusi ya binti yake aliitazama akiwa nje ya uzio. Jioni ile aliniuliza, “Mdogo wangu, nife kweli ndipo wanisalimie?”

Nasikia huko ughaibuni waliusifu uso wake kuwa si wa dunia hii. Uso ule una kovu la moto wa jikoni kidevuni. Mimi sina ugomvi na sanaa ya njozi. Nina ugomvi na mtu anayeota kwa mwili wa mwenzake, kisha akaondoka.

Dada angali hai, na bado anachota maji korongoni peke yake. Kwa hiyo nadai rasmi: mwongozaji na mkuu wangu wa zamani wafike Buger, wasimame mbele ya wazee, dada akiwa kando yao, waeleze kwa vinywa vyao wenyewe jinsi kitanda kile kilivyobaki kitupu, kisha wampe mkono, watu wote wakiona.