Kilima Kisicho na Kaburi

Sisi Wajaluo tunaitambua ardhi kwa makaburi. Alipozikwa babu yako, hapo ni pako. Kilima kilichoko juu ya kijiji chetu, upande wa Asembo, hakina kaburi hata moja. Ni mawe na nyasi tu. Kwa hiyo kampuni ya umeme wa jua ilipokuja, mimi nikiwa mwenyekiti wa kamati, nilisimama nikasema kilima hakina mwenyewe, walete tingatinga wakikwangue. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Paneli zilifunika nusu ya kilima na umeme ukaenda hadi Kisumu. Nilimwambia kila niliyekutana naye kwamba sasa hatutazipigia magoti nchi jirani zituuzie umeme. Hilo bado linanisisimua.

Kisha mvua ikanyesha huko juu, huku ufuoni mwa ziwa jua likiwaka. Udongo mwekundu ulishuka kwenye korongo ukafunika omena ya dada yangu, aliyeolewa huko chini, dagaa aliokuwa amewatandaza juu ya nyavu wakauke. Hakulia. Aliniita tu: "Bwana Mwenyekiti, njoo ule."

Kampuni ilipotaka nusu ya pili, nilikiri kosa langu barazani. Nikaomba nyasi ziachwe, paneli ziinuliwe, kondoo walishwe chini yake, na palipokwanguliwa papandwe nyasi upya. Mhandisi wao aliandika yote, na wakafanya.

Juzi mawingu yalikaa tena kilimani. Niliteremka mbio, magoti yakilalamika. Nilimkuta dada ameanika omena palepale, kando ya korongo.

"Umeanika hapa tena?"

"Nisipoanika, tutajuaje kama umetengeneza au umeongea tu?"

Tukasimama kusubiri. Maji tuliyasikia kabla ya kuyaona. Nilijikuta nimemshika mkono, jambo ambalo sijafanya tangu tukiwa wadogo. Yakaja membamba, maangavu, yamebeba majani makavu na mavi ya kondoo, yakapita chini ya nyavu bila kuzigusa, yakaingia ziwani. Nilipiga makofi na kuruka, mzee mzima.

"Tulia, utaanguka," alisema. "Halafu ukifa tutakuzika huko juu, kilima kipate mwenyewe."

Nilimwambia nimekubali. Kisha nikainama nikamsaidia kugeuza omena, kazi ambayo maisha yangu yote nilisema ni ya wanawake.