Michembe Iliyogeuka Myeusi

Harufu ya iodini huingia puani kama chuma kilicholowa, kisha hubaki kooni. Nyumbani kwetu Nkololo ilikaa katika chupa ya kahawia dirishani jikoni, na kazi yake ilikuwa moja: kupakwa kwenye kitovu cha ndama mchanga ili kisioze. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Kiangazi kile nilikuwa na miaka tisa. Viazi vitamu vilikuwa vimestawi, na mama alivimenya, akavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba nyuma ya zizi viwe michembe, chakula chetu cha miezi ya njaa. Mwamba mzima ulikuwa mweupe.

Asubuhi moja nilijikata kidole cha mguu. Nikaona kinachomfaa ndama kitanifaa na mimi, nikachukua chupa, nikakaa mwambani nijipake. Ikaniponyoka. Dawa ya kahawia ikamwagikia michembe, na mbele ya macho yangu vipande vile vikawa vya samawati iliyokolea, halafu vyeusi kama masizi. Niliirudisha chupa mahali pake, nikaenda kisimani na ndoo, nikanyamaza.

Niliporudi, ua ulikuwa umejaa watu. Bibi Kabula, jirani yetu mjane, alikuwa amepita mwambani asubuhi ile, akamwamkia mama, "Mwangaluka, mayu," na kuvisifia viazi. Hilo lilitosha. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu maisha yake yote alipikia mavi makavu ya ng'ombe yenye moshi mkali, lakini baba mdogo aliyaita macho ya mchawi. Alisema chakula hakigeuki cheusi juani bila mkono wa mtu, kwamba watu walikuwa wamemsema bibi huyo siku nyingi, na lisemwalo lipo. Wakakubaliana aondoke kijijini kabla jua halijazama. Akaletwa, akakaa chini mbele yao, mikono mapajani. Hata mtoto wa miaka tisa alijua kwamba mzee aliyekwisha kupewa jina hilo hafiki mbali akiwa hai.

Nikaingia jikoni, nikatoka na chupa. Sikuwa jasiri. Niliogopa fimbo, ila niliogopa zaidi kumtazama bibi yule. Nilichukua kipande cheupe, nikakidondoshea tone moja mbele ya baba. Kikawa cheusi.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Niliimwaga."

Baba akaichukua chupa, akarudia mwenyewe kwa kipande kingine, kisha cha tatu. Bibi Kabula akainuka, akijikung'uta vumbi.

"Basi mchawi mmemzaa wenyewe," akasema. "Na fimbo yake muipunguze, maana amejileta."

Fimbo haikupunguzwa.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Kemia nilijifundisha ukubwani, kwa kitabu chakavu nilichonunua karibu na stendi ya Bariadi. Humo nilisoma kwamba iodini ikigusa wanga, kama ule wa viazi, huugeuza mweusi; nikaikuta pia pamoja na ndugu zake, florini, klorini na bromini: ukoo wa halojeni, kila moja imepungukiwa elektroni moja, na kila moja ikiungana na haidrojeni huwa gesi inayowasha pua, ambayo ndani ya maji hugeuka asidi. Florini ndiyo kali kuliko zote kwa kunyang'anya elektroni. Iodini ni pole. Lakini zikishaungana na haidrojeni mpangilio hupinduka: asidi ya iodini ndiyo yenye nguvu zaidi, ya florini ni dhaifu, na hiyo dhaifu ndiyo inayokula kioo. Ukurasa ule niliurudia mara tatu, nikimkumbuka Bibi Kabula na macho yake, ambayo nayo yalisomwa kinyume.

Leo Bariadi ni makao makuu ya mkoa, bodaboda hazihesabiki, na iodini tunaila kila siku katika chumvi ya madini joto. Hata hivyo bado namsikia mtu akimtaja bibi fulani kwa ajili ya macho yake, siku hizi kwa ujumbe wa simu. Sibishani naye. Ninayo chupa ya kahawia kabatini na michembe jikoni. Namwalika nyumbani, namwambia aketi, nampa kipande akishike mwenyewe, nadondosha tone moja, kisha namuuliza ni nani aliyeroga.