Mkaja wa Bibi

Siku ile tulikuwa saba uani kwetu, Kilosa: mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa akiposwa, mdogo wetu wa mwisho, bibi aliyetulea, mshenga aliyetusemea sisi, na wazee wawili wa upande wa mume, kutoka Lumuma.

Baba alikuwa kibarua wa reli. Mama alizaliwa kambi ya mkonge. Walifariki nikiwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikaenda kupalilia mpunga Kilangali. Bibi hakuwa ndugu yetu. Tulipakana naye ukuta tu, akatuhamishia kwake. Ugali ukiiva alisimama mlangoni akaita, "Ukoo wangu, njooni mle!" Kwangu neno hilo lilikuwa la chakula. Baadaye nikalikuta kwenye fomu, jina la ukoo, nikaandika la babu ambaye hata sijui alitoka wapi.

Mzee mmoja aliuliza, "Kijana, ukoo wenu upi?"

Kwao ukoo hufuata mama, na asiyekuwa nao haijulikani hata msiba wake utasimamiwa na nani. Niliogopa mdogo wangu ataachwa. Nikataja ukoo mmoja niliousikia msibani.

Mzee akapiga makofi. "Kumbe watani wetu! Basi mahari ni kuku mmoja, tena kilema!"

"Kilema mtamla wenyewe," mshenga akajibu. "Sisi tunataka anayetembea mpaka sufuriani."

Tukacheka. Kisha mzee akamgeukia bibi. "Na huyu mama ni nani kwenu?"

Ningesema ni bibi yetu, wangemuuliza na yeye ukoo, na uongo wangu ungeanguka palepale.

"Jirani," nikasema. "Anatusaidia kupika."

Bibi alinyanyuka taratibu, akaenda kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

Walikuwa wamekuja na mkaja, doti ya khanga ya kumshukuru mama aliyembeba na kumlea binti. Mama hayupo, wakauliza, apokee nani? Nikanyoosha mikono, nikasema nitaupeleka kwa mama zetu wadogo. Hatuna mama mdogo hata mmoja. Mdogo wangu alinitazama, akainamisha kichwa.

Sasa ana watoto wawili. Mimi nauza vitunguu Mikumi, kando ya barabara kuu. Mwezi uliopita niliitia ile khanga kwenye mfuko nikaenda Kilosa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akapakua ugali na mlenda, akanivutia kiti, kile wanachokalia watu wa kupita. "Mgeni, karibu chakula."

Nilikula. Maneno niliyoyapanga tangu Mikumi hayakutoka, na mfuko sikuufungua. Ningempa tukiwa wawili tu, ingekuwa khanga ya mgeni. Mkaja hutolewa mbele ya wakwe. Inabidi wale wazee waitwe uani palepale, wasikie kuwa niliwadanganya, na wamwone aliyemlea mke wa kijana wao. Mdogo wangu ameniambia, "Kaka, uwaite. Mimi siogopi." Mzee mmoja macho yameanza kumsumbua.

Sijawaita. Khanga nimeirudisha sandukuni, na mkunjo wake wa dukani.