Yule Dada wa Mazoezi

Hebu mwone anavyoingia: viatu anaviacha mlangoni, mkoba bado uko begani, na kabla hajaketi ameshaanza kusugua viganja vipate joto. "Goti halipendi kushtuliwa," husema, kisha hulishika goti la mama yangu kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga. Goti lenyewe lilikuwa limepasuliwa na kutengenezwa, kovu limeshafunga, lakini mama aliapa hatausimamia mguu ule asije akauvunja upya.

"Kunja, bibi harusi."

"Bibi harusi gani mwenye wajukuu? Unaniumiza, we mtoto!"

"Nitukane tu, mama, ila kunja."

Hucheka mpaka mabega yatikisike, na mikono haiachii.

Siku moja, walipomaliza, alibaki sakafuni. "Mama, kiuno kimekaza. Nipe mkono." Mama akainuka kitini, akakanyaga kwa miguu yote miwili, akamvuta mpaka akasimama. Mkongojo ulikuwa bado umeegemea ukuta. Yule dada akafunga mkoba, akaaga kama kawaida.

Sasa mama anakwenda sokoni mwenyewe, nami kila nikimwombea dua dada yule hujiuliza: wewe unadhani kiuno kilikaza kweli?